Tofiq Bahramov na Goli Ambalo Halijaisha

Tangu usiku wa tarehe 5 Aprili 2024 kuna ubishi mmoja hosteli ambao haufi. Yanga wako Pretoria, uwanja wa Loftus Versfeld, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Dar es Salaam walishatoka 0-0 na Mamelodi Sundowns. Kipindi cha pili Stephane Aziz Ki anaachia shuti kutoka nje ya boksi, mpira unagonga mtambaa wa panya, unadunda chini, unarudi uwanjani. Wachezaji wa Yanga mikono juu. Watu wa VAR wanaangalia, mwamuzi Dahane Beida wa Mauritania anaacha mchezo uendelee. Mechi inaisha 0-0, penalti 3-2, Yanga nje. Hata watani wetu wa Simba, ambao usiku huohuo walitolewa na Al Ahly kule Cairo, ukiwakuta peke yao bila mashahidi wanakubali kwamba ule mpira uliingia.

Neno linalotumika ni moja tu: tumeibiwa. Mimi ni Yanga, na naamini lilikuwa goli. Ila neno hilo linanisumbua, maana kuibiwa kunahitaji mwizi. Kila nikilisikia namkumbuka mtu aliyefariki kabla wengi wetu hatujazaliwa, mshika kibendera wa Baku aliyekutana na mpira kama ule ule wa Aziz Ki miaka 58 kabla, yeye akasema goli. Wapo waliomwita mwizi hadi kaburini. Kwao wakampa uwanja.

Tofiq Bahramov alizaliwa Baku mwaka 1925. Baku ni mji wa mafuta kandokando ya Bahari ya Kaspi, leo mji mkuu wa Azerbaijan, wakati ule ndani ya Umoja wa Kisovyeti. Alikuwa mchezaji kwanza, timu ya hapohapo nyumbani iliyoitwa Neftyanik, yaani mfanyakazi wa mafuta. (Ni kama sisi wa Idodi tuwe na timu inaitwa Wavuna Mpunga, na kwa kweli lingekuwa jina zuri.) Mguu ukaumia vibaya, uchezaji ukaishia hapo. Wengi wakifika hapo wanabaki jukwaani kulalamika. Yeye akachukua kipyenga, akapanda taratibu hadi ligi kuu ya Kisovyeti, na kutoka huko hadi mechi za kimataifa.

Waingereza walimwita Mrusi, na mpaka leo ukiwasikia wazee wao wanasema yule mshika kibendera Mrusi. Hakuwa Mrusi, alikuwa Mwazerbaijani. Mtanzania yeyote aliyewahi kuitwa Mkenya huko ugenini anajua hilo linavyokera.

Kombe la Dunia la 1966 lilichezwa Uingereza. Bahramov alichezesha Hispania na Uswisi kule Sheffield katika hatua ya makundi, na fainali ilipofika akapangwa pembeni na kibendera. Tarehe 30 Julai, Wembley, watu zaidi ya 96,000. England na Ujerumani Magharibi. Mwamuzi wa kati ni Gottfried Dienst wa Uswisi, mshika kibendera wa upande wa pili ni Karol Galba wa Chekoslovakia. England wako mbele 2-1, mechi inakwisha, dakika ya 89 Wolfgang Weber anasawazisha. Dakika za nyongeza.

Dakika ya 101 Alan Ball anapiga krosi kutoka kulia, Geoff Hurst anageuka na kupiga. Mpira unagonga mtambaa wa panya kwa chini, unadunda karibu na mstari, unatoka. Roger Hunt wa England yuko pale pale, lakini badala ya kuumalizia anageuka kushangilia. Weber anaupiga kichwa unatoka nje. Wajerumani wanadai kona, Waingereza wanadai goli.

Dienst hakuwa na uhakika. Akakimbia pembeni kwa Bahramov. Hawakuwa na lugha moja ya kuelewana vizuri, na kelele zile za Wembley hata kama wangekuwa nayo isingesaidia sana. Bahramov akaitikia kwa kichwa, akaelekeza kati. Basi. Goli. Hurst akaongeza la nne dakika ya 120, ikawa 4-2, England bingwa wa dunia kwa mara ya kwanza na, mpaka leo, ya mwisho.

Sasa hapa ndipo penye utamu. Watu wamebishana miaka yote hii kuhusu mahali mpira ulipodunda: juu ya chaki, nyuma ya chaki, nusu kwa nusu. Sheria inataka mpira wote uvuke mstari wote. Lakini Bahramov baadaye aliandika kumbukumbu zake, na alichoeleza mle ni kitu kingine kabisa. Aliamini kwamba mpira ulirudi kutoka kwenye wavu, wala siyo kutoka kwenye mwamba. Kwa hiyo ulipodundia hapakumhusu hata kidogo. Mpira ukishagusa wavu kwa ndani ni goli, udunde utakapo. Yaani swali ambalo dunia nzima inamuuliza, yeye hakuwa anajibu hilo.

Picha zinaonyesha mpira uligonga mwamba. Na watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walioipima filamu ya mechi ile kwa kompyuta miaka ya 1990 walihitimisha kwamba mpira wote haukuvuka mstari. Mimi nakubaliana nao: Bahramov alikosea. Alikosea kwa kujiamini, na kujiamini kwake ndiko kulikomaliza ubishi uwanjani, kwa sababu Dienst alihitaji mtu mmoja tu asiyesita.

Lakini kukosea hakukutosha kwa watu, ikabidi kutafutwe sababu. Ya kwanza: siku tano kabla ya fainali, Ujerumani Magharibi waliwatoa Wasovyeti kwenye nusu fainali, 2-1, kwa hiyo eti jamaa alilipiza. Ya pili ndiyo maarufu zaidi. Inasemwa kwamba alipokuwa anakaribia kufa aliulizwa kwa nini alikubali lile goli, naye akataja jina la Stalingrad, mji ambao Wasovyeti na Wajerumani waliuana kwa mamia ya maelfu wakati wa Vita Kuu ya Pili. Hadithi tamu sana hii. Nimeisikia ikisimuliwa hata kwenye kibanda umiza, na mtu aliyeapa kabisa kwamba ni kweli. Hakuna ushahidi wowote. Ni mzaha uliozeeka ukaanza kuitwa historia.

Kama ni upendeleo kwenye Kombe la Dunia lile, mimi ningeutafuta sehemu nyingine. England walicheza mechi zao zote sita Wembley, hata moja hawakusafiri, wenzao wakizungushwa nchi nzima. Rais wa FIFA alikuwa Mwingereza, Stanley Rous. Hayo yaliamuliwa mezani, na watu wenye suti, mapema, na hakuna aliyewatungia hadithi ya kitandani. Aliyetungiwa ni mtu wa pembeni aliyekuwa na sekunde mbili za kuamua.

Je, uamuzi wake ulibadilisha matokeo? Ndiyo, na tusizunguke. Wajerumani wakiwa nyuma ilibidi wapande wote, na goli la nne lilipatikana wakiwa wameacha uwazi nyuma. Vivyo hivyo Pretoria: mechi mbili bila goli hata moja, goli moja tu lingetosha kuipeleka Yanga nusu fainali. Anayesema makosa ya waamuzi hujisawazisha yenyewe, huyo hajawahi kutolewa kwa penalti. Ila kubadilisha matokeo ni jambo moja, kudhulumu kwa makusudi ni jingine, na sisi mashabiki tunayachanganya kila Jumamosi. Beida yule tunayemtukana ndiye aliyechezesha fainali ya AFCON miezi miwili kabla, Ivory Coast na Nigeria. Alikuwa na VAR, lakini teknolojia ya kwenye mstari wa goli, ile inayomtetemeshea mwamuzi saa mkononi mpira ukivuka, haikuwepo. Robo fainali ya bara zima inachezwa bila kifaa ambacho Kombe la Dunia limekuwa nacho tangu 2014. Hasira yangu mimi iko hapo. Aliyepanga bajeti ndiye nataka anijibu.

Na hicho kifaa chenyewe kilikuja kwa shida. Ilibidi kwanza Frank Lampard apige mpira Bloemfontein tarehe 27 Juni 2010, ukavuka mstari waziwazi, mwamuzi akakataa. Safari hii walionufaika ni Wajerumani, walishinda 4-1, na huko kwao wengi waliona deni la Wembley limelipwa. Mwaka 2012 ndipo wenye sheria wakakubali teknolojia. Hata Marekani, kwenye futiboli yao yenye kamera kila kona, Januari 2019 timu ya New Orleans Saints ilinyimwa faulo iliyoonekana na kila mtu, Los Angeles Rams wakaenda fainali. Ligi ikaruhusu makosa ya aina ile yarudiwe kwenye video msimu mmoja tu, kisha ikaachana na utaratibu huo.

Hili la makusudi na bahati mbaya nisingelishikilia hivi kama nisingekwenda Idodi kwa mafunzo ya ualimu kwa vitendo. Idodi iko kwenye barabara ya kutoka Iringa mjini kwenda Hifadhi ya Ruaha, na jioni watu wanacheza mpira kweli kweli. Uwanja tuliotumia mistari ilichorwa kwa majivu na magoli hayakuwa na nyavu. Hebu fikiria: bila wavu, kila goli la chini ni goli la Wembley. Kijana mmoja dereva wa bodaboda alikubali kushika kibendera mechi ya vijiji viwili. Akakubali goli moja. Kufika kesho yake ilishajulikana kijiji kizima kwamba mama yake alizaliwa upande wa walioshinda. Hakuna aliyesema hakuona vizuri; walisema alinunuliwa. Kijana aliacha kushika kibendera, na wiki mbili zilizofuata hakupatikana mtu mwingine. Tulicheza bila mshika kibendera, na ugomvi uliongezeka.

Bahramov yeye hakuacha. Alirudi Kombe la Dunia la 1970 kule Mexico. Mwaka 1972 alichezesha mechi ya kwanza ya fainali ya Kombe la UEFA, Wolverhampton Wanderers na Tottenham, timu mbili za Uingereza. Baadaye akawa katibu mkuu wa shirikisho la soka la Azerbaijan kwa miaka mingi. Alifariki Oktoba 1993, nchi yake ikiwa na miaka miwili tu ya uhuru.

Uwanja mkubwa wa Baku ulifunguliwa 1951 kwa jina la Stalin. Ukaja kuitwa Lenin. Mwaka 1993 ukapewa jina la Bahramov. Viongozi wawili wa dola kubwa wakampisha mshika kibendera.

Tarehe 13 Oktoba 2004 England walikwenda Baku kucheza na Azerbaijan, kufuzu Kombe la Dunia. Nje ya uwanja ilizinduliwa sanamu ya Bahramov, na Geoff Hurst alisafiri kuhudhuria. England walishinda 1-0 kwa goli la Michael Owen, na lile halikubishaniwa na mtu.