Masinde: Kiongozi wa dini aliyefungiwa Mathari

KATIKA vijiji vinavyoutazama Mlima Elgon, kutoka Kimilili hadi Lwakhakha mpakani na Uganda, jina la Elijah Masinde lingali linatajwa kwa heshima, na pengine kwa woga. Wengi humkumbuka kwa Dini ya Musambwa. Wachache hukumbuka kwamba serikali ya kikoloni iliwahi kumfanya mwendawazimu.

Alizaliwa Kimilili yapata mwaka 1910. Alikuwa mwanakandanda hodari aliyeiwakilisha Kenya katika Kombe la Gossage, kisha akawa mpeleka hati za baraza la wenyeji. Kanisa la Friends lilimtenga alipooa mke wa pili.

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, vijana wakitwaliwa kwa nguvu kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi na wakulima wakiamriwa kung'oa magugu, Masinde alikataa na kuwachochea wenzake wakatae. Mwaka 1945 alipelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi.

Hospitali hiyo ilisimamiwa tangu 1938 na Dkt J.C. Carothers, ambaye alipopewa wadhifa huo hakuwa amesomea maradhi ya akili. Hata hivyo, mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilichapisha kitabu chake kilichofananisha fikra za Mwafrika wa kawaida na za Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1954 serikali ilichapisha maandishi yake kuhusu Mau Mau, ambamo uasi ulielezwa kama msukosuko wa nafsi. Sayansi ya aina hiyo haikuhitaji kuuliza shamba la nani limeporwa.

Masinde hakuwa mtu mpole. Alikuwa mkali na mwepesi wa kugombana. Lakini ukali si ugonjwa. Alipoachiliwa mwaka 1947, haikupita miezi mingi kabla ya kuukusanya umati Chetambe, mahali walipouawa Wabukusu mwaka 1895. Hiyo ni kazi ya mtu anayejua historia yake vyema.

Februari 1948 polisi waliwapiga risasi na kuwaua wafuasi 11 huko Malakisi, si mbali na Lwakhakha. Dini yake ikapigwa marufuku, naye akahamishiwa Lamu hadi uhuru ulipokaribia.

Serikali ya Kenya huru nayo iliipiga dini hiyo marufuku mwaka 1968 na kumfunga Masinde, safari hii bila kuwashirikisha madaktari. Aliachiliwa mwaka 1978, akafariki dunia mwaka 1987.