Songea Mbano

Songea Mbano (anajulikana pia kama Nduna Songea, alinyongwa mwaka 1906) alikuwa kiongozi wa kivita wa Wangoni katika ufalme wa Njelu, kusini mwa nchi ambayo leo ni Tanzania. Alikuwa mmoja wa viongozi wakuu wa Vita vya Majimaji upande wa Ungoni.

Mji wa Songea, makao makuu ya mkoa wa Ruvuma, umepewa jina lake. Kaburi lake ni sehemu ya eneo la Makumbusho ya Majimaji mjini humo, ambalo hutembelewa na wanafunzi na wageni kutoka wilaya zote za mkoa, zikiwemo Mbinga na Nyasa. Kwa mujibu wa mapokeo ya Wangoni, mwili uliozikwa humo hauna kichwa, kwa kuwa kichwa chake kilipelekwa Ujerumani.

## Asili ya Wangoni

Wangoni walitoka kusini mwa Afrika wakati wa vita vilivyofuatana na kukua kwa dola la Wazulu chini ya Shaka. Kundi lililoongozwa na Zwangendaba lilivuka mto Zambezi mwaka 1835, likaelekea kaskazini hadi Ufipa. Baada ya kifo cha Zwangendaba katika miaka ya 1840, wafuasi wake waligawanyika.

Sehemu moja, ikiongozwa na Zulu Gama, ilishuka upande wa mashariki wa Ziwa Nyasa na kufika katika nchi ya juu ya mto Ruvuma. Huko iliwakuta Wangoni wengine, yaani kundi la Maseko, ambalo baadaye lilifukuzwa likavuka Ruvuma na hatimaye kukaa katika nchi ya Malawi ya leo. Waliobaki waliunda falme mbili: Njelu upande wa kusini, chini ya ukoo wa Gama, na Mshope upande wa kaskazini.

Mfalme wa Wangoni aliitwa nkosi. Chini yake walikuwepo manduna, yaani wakuu waliotawala maeneo na kuongoza vikosi vitani. Watu wengi wa falme hizo hawakuwa Wangoni kwa kuzaliwa, bali walitoka katika makabila yaliyotekwa njiani au yaliyokutwa nchini, wakaingizwa katika koo na vikosi vya Kingoni.

## Nduna wa Njelu

Songea Mbano hakuwa wa ukoo wa kifalme. Alipata heshima kwa njia ya vita, akawa nduna mwenye nguvu kuliko wengi wa wenzake katika Njelu. Kijiji chake kilikuwa karibu na milima ya Matogoro, ambamo mto Ruvuma una chanzo chake.

Wakati wake Wangoni walikuwa wakiogopwa katika eneo kubwa. Miaka ya mwisho ya 1870 na ya mwanzo ya 1880 walipigana na Wahehe bila upande wowote kuushinda kabisa mwingine. Mwaka 1882 walishambulia misheni ya Kianglikana ya Masasi, wakachukua mateka. Mateka, mifugo na nafaka vilikuwa msingi wa uchumi wa falme zao, na sehemu ya mateka hao waliuzwa kwa wafanyabiashara wa pwani.

## Majirani wa Umatengo na Ziwa Nyasa

Magharibi ya Ungoni waliishi Wamatengo, katika nchi ya Mbinga ya leo, na Wanyasa kando ya ziwa. Kwao uvamizi wa Wangoni ulibadilisha namna ya kuishi. Wamatengo wengi walikimbilia miteremko mikali ya milima, mahali ambapo vikosi vilishindwa kuwafuata kwa urahisi. Kwa kuwa watu wengi walibanana katika eneo dogo lenye mvua kubwa, walitegemea sana kilimo cha ngolo: mashimo yanayochimbwa kwa safu mlimani, yakizungukwa na matuta yenye majani yaliyofukiwa ndani. Mashimo hayo huzuia maji ya mvua yasichukue udongo, na hadi leo hupandwa mahindi na maharagwe. Kando ya ziwa watu walijificha kwenye miamba na visiwani.

Kwa sababu hiyo kumbukumbu ya manduna wa Kingoni si moja katika mkoa wa Ruvuma. Mjini Songea wanakumbukwa kwanza kama mashujaa waliopinga ukoloni. Katika simulizi za wazee wa milimani na wa ziwani wanakumbukwa pia kama wavamizi waliowafukuza mababu zao kutoka nchi tambarare.

## Ujio wa Wajerumani

Mwaka 1897 Wajerumani walijenga boma karibu na kijiji cha nduna Songea, na kituo hicho kikaitwa kwa jina lake. Mwaka uliofuata Wabenedikto walianzisha misheni ya Peramiho, na mwaka 1899 wakafungua misheni ya Kigonsera, ambayo leo iko upande wa Mbinga.

Utawala mpya ulipiga marufuku uvamizi na biashara ya watumwa. Mateka wengi waliruhusiwa kurudi makwao, na hivyo manduna walipoteza watu waliowalimia na kuwapigania. Kodi ya kibanda iliwalazimu watu kutafuta fedha au kufanya kazi kwa Wajerumani. Hasira iliongezeka pale mmisionari wa Peramiho alipokichoma moto kibanda ambamo nkosi Mputa Gama wa Njelu aliwatambikia mahoka, yaani mizimu ya mababu zake.

## Vita vya Majimaji

Vita vilianza mwezi Julai 1905 huko Umatumbi, mbali upande wa mashariki. Mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa amewapa watu dawa ya maji iliyosemekana kugeuza risasi kuwa maji. Yeye mwenyewe alinyongwa mwanzoni mwa Agosti 1905, lakini dawa iliendelea kusambazwa na wajumbe.

Katika Ungoni maji yaliletwa na Omari Kinjala. Nkosi Mputa Gama aliyapokea, na vilevile nkosi Chabruma wa Mshope. Songea Mbano aliingia vitani pamoja na nkosi wake. Ndivyo watu ambao zamani walikuwa maadui, Wangoni na makabila waliyokuwa wakiyavamia, walivyojikuta upande mmoja dhidi ya serikali moja. Hata hivyo Wamatengo kwa jumla hawakujiunga.

Mapema Septemba 1905 watu wa Mshope walishindwa vibaya huko Namabengo. Siku chache baadaye misheni ya Peramiho ilichomwa moto. Mwezi Oktoba kambi kubwa ya Wangoni huko Lumecha ilishambuliwa na Wajerumani waliokuja kutoka Iringa. Mikuki, ngao za ngozi na magobori havikuweza kushindana na bunduki za kisasa na bombomu, na imani katika maji ikaisha.

Tangu hapo viongozi walipigana kwa makundi madogo, wakijificha misituni na mapangoni. Karibu na mji wa Songea kuna mapango ya Chandamali, ambayo wenyeji huyataja kama maficho ya nduna Songea. Wajerumani nao walichoma vijiji, wakachukua au kuteketeza nafaka, na kuzuia watu wasilime, ili njaa imalize kile ambacho bunduki hazikumaliza.

## Kukamatwa na kunyongwa

Mwanzoni mwa 1906 Mputa Gama, Songea Mbano na manduna wengi walikuwa mikononi mwa Wajerumani. Walihukumiwa kifo. Tarehe 27 Februari 1906 kundi kubwa lao lilinyongwa mjini Songea. Idadi inayotajwa katika kumbukumbu za kila mwaka ni mashujaa 67. Kati yao alikuwemo Mkomanile, nduna mwanamke pekee katika kundi hilo.

Kabla ya kunyongwa, baadhi ya wafungwa walibatizwa na padre Mbenedikto Johannes Häfliger wa Kigonsera. Wengine walikataa.

Waliouawa walizikwa katika kaburi la halaiki. Songea Mbano alizikwa peke yake, karibu nao. Mapokeo yanasema kwamba Wajerumani walikuwa tayari kumwacha hai, lakini yeye alidai afe kama wenzake, akanyongwa siku chache baada yao. Yanasema pia kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Chabruma alivuka mpaka na kuingia katika koloni la Wareno, akauawa huko.

## Baada ya vita

Njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko mapigano. Makadirio ya Wajerumani kwa maeneo yote ya vita yalikuwa watu 75,000. Wanahistoria wa baadaye wametaja idadi ya hadi 250,000 au 300,000. Katika Ungoni karibu kizazi kizima cha viongozi kilitoweka, na nguvu ya kijeshi ya falme hizo ikaisha kabisa.

Kwa miaka mingi habari za vita hivyo zilijulikana hasa kutokana na maandishi ya maofisa na wamisionari. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia kutoka Dar es Salaam walitumwa vijijini kuwahoji wazee waliokumbuka vita au waliosimuliwa na wazazi wao. Kwa njia hiyo masimulizi ya Ungoni yaliandikwa wakati baadhi ya mashahidi walikuwa bado hai.

## Makumbusho na bustani ya kumbukumbu

Mwaka 1980 makumbusho ya Majimaji yalifunguliwa mjini Songea, katika eneo la makaburi ya mashujaa. Baadaye yaliwekwa chini ya Makumbusho ya Taifa la Tanzania.

Eneo hilo ni bustani kuliko jengo. Katikati kuna sanamu ya askari, na kuizunguka ziko sanamu za viongozi wa Kingoni, kila moja ikiwa na jina lake. Ndani ya jengo huonyeshwa silaha za jadi, vifaa vya nyumbani na picha. Mgeni anaweza kutoka kwenye sanamu ya kiongozi hadi kaburi la halaiki kwa miguu, kisha akafika kwenye kaburi la Songea Mbano lililojitenga.

Songea iko kwenye nyanda za juu, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na ina joto la wastani. Sherehe za kuwakumbuka mashujaa hufanyika kila mwaka mwishoni mwa Februari, wakati wa masika, nchi yote ikiwa kijani. Kilele chake ni tarehe 27. Kwa wakazi wa Mbinga safari ni ya takribani kilomita 100 kwa barabara ya lami inayoendelea hadi Mbamba Bay kwenye Ziwa Nyasa. Zamani nchi hiyo yote hadi ziwani ilikuwa sehemu ya wilaya ya Songea. Mbinga ilifanywa wilaya baadaye, na wilaya ya Nyasa ilitengwa nayo mwaka 2012.

## Suala la fuvu

Songea Mbano si kiongozi pekee anayesemekana kukatwa kichwa wakati wa utawala wa Wajerumani. Mtwa Mkwawa wa Wahehe alijiua mwaka 1898 ili asikamatwe, na kichwa chake kilichukuliwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliitaka Ujerumani ilirudishe fuvu lake, lakini lilirudishwa mwaka 1954 tu, nalo linahifadhiwa katika makumbusho ya Kalenga karibu na Iringa.

Mafuvu mengine mengi kutoka Afrika Mashariki yalikusanywa kwa ajili ya utafiti wa wakati ule kuhusu mbari, na zaidi ya 1,000 kati yake yamekutwa katika mikusanyo ya Berlin pekee. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba kwa kupima vinasaba imewezekana kuoanisha mafuvu machache na ndugu walio hai katika eneo la Kilimanjaro. Upimaji wa aina hiyo unahitaji fuvu lenyewe lipatikane kwanza, na fuvu la nduna Songea halijatambuliwa.

Tarehe 1 Novemba 2023 rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika katika makumbusho ya Majimaji, akakutana na wajukuu na vitukuu wa Songea Mbano. Aliomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani walitenda, akaahidi kwamba nchi yake itasaidia kulitafuta fuvu. Alikiri pia kwamba hakuna uhakika kuwa litapatikana.

## Urithi

Jina la Songea limebaki katika mji, wilaya na shule. Ni jambo la pekee kwamba waliolipa boma jina hilo ni Wajerumani wenyewe, miaka tisa kabla ya kumnyonga mwenye jina.

Katika vitabu vya shule nchini Tanzania Vita vya Majimaji hufundishwa kama mapambano ya kwanza yaliyounganisha makabila mengi dhidi ya ukoloni, na Songea Mbano huhesabiwa kati ya mashujaa wa taifa. Kwa familia yake mazishi hayajakamilika. Kwa desturi mtu huzikwa mzima kati ya watu wake, na kaburi lililo katika bustani ya Songea bado linasubiri.