Msiri, mwami aliyepanda na baruti

Mu Naviundu, sawa mu kartye zote za Lubumbashi, hakuna mutoto mwenye hajasikia jina ya Msiri. Bantu banajua kama aliuawa na bazungu, na kama kichwa yake ilikatwa. Lakini namna alipata hii inchi, na namna aliipoteza mu dakika moja, wachache njo banaijua. Yote mbili ni habari ya bunduki.

Jina yake ya kuzaliwa ilikuwa Ngelengwa. Alizaliwa karibu mwaka wa 1830 ku Unyamwezi, inchi yenye leo iko mu Tanzania. Baba yake, Kalasa, alikuwa muchuuzi. Alitembea miezi mingi ku miguu mpaka huku kwetu kutafuta mukuba. Mu kiangazi, kisha kuvuna mutama, bafundi ba hapa balikuwa banayeyusha malachite mu tanuru ya udongo, na ile kazi baliiita kula mukuba. Kalasa alinunua, akabebesha bantu, akarudi kwao.

Mu kizazi ya Kalasa vita ilipiganwa na mishale, mikuki na shoka. Mushale ulitangulia, lakini haikukawia bantu kufikiana mukono kwa mukono, kila mumoja anaona uso ya mwenzake. Fasi ile, wenye kuwa bengi na wenye mikono migumu njo balishinda. Baluba balikuwa bengi, na ufalme yao ilikuwa ya zamani na ya nguvu. Basanga balibaogopa.

Pale Ngelengwa alifika mu fasi ya baba yake, karibu mwaka wa 1856, alikuja na bantu kiloko, lakini mu mikono yao kulikuwa bunduki. Hadisi ya Bayeke inasema kama Chef Mpande wa Basanga alikuwa anasumbuliwa na Baluba, na ule mugeni akamusaidia. Masasi ikalia mara chache tu, na Baluba, benye habakuzoea ile sauti, bakarudi nyuma. Kisha ile siku, mugeni hakukuwa tena mugeni. Akakula inchi kidogo kidogo, akajenga Bunkeya, akaitwa Mwami Msiri, na ufalme yake ikaitwa Garenganze.

Muchimbaji anaweza kuelewa bunduki ya Msiri bila kuiona, juu ni sawa tundu ya mine. Unamimina baruti mu bomba, unaingiza kitambaa ao majani makavu, unasindilia na fimbo ya chuma, unatia sasi, unasindilia tena. Ku nyuma kuko jiwe yenye kupiga cheche. Tofauti ni moja: mine unaiwasha na unakimbia mbali, lakini bunduki unaiweka ku bega, uso yako karibu na moto. Poupou ya bawindaji ba leo njo mutoto wake.

Sasa fikiri vita na kintu ya namna ile. Muntu wa kuzoea sana angepiga mara mbili ao tatu mu dakika moja, na mvua ikinyesha hata moja haitoke. Kupita metre mia, kufikisha sasi ni bahati. Kwa hiyo habakuacha mukuki na shoka. Kila muntu alikuwa na sasi moja ya kweli, ya kwanza. Kisha moshi inafunika macho, na hakuna wakati ya kujaza tena mbele adui akufikie. Zamani hodari alikuwa mwenye kukimbilia adui. Na bunduki ya sasi moja, hodari alikuwa mwenye kusimama kimya, kidole tayari, kungojea mpaka adui afike hatua makumi mawili. Bijana bengi habakuweza. Balipiga mbali, bakabaki na fimbo ya chuma mu mukono.

Lakini baruti inaisha, na haimei mu shamba. Ilitoka ku pwani ya Angola, ku Benguela, kupitia Bihe. Msiri alioa hata Maria de Fonseca, mwanamuke wa jamaa ya bachuuzi ba ile njia. Malipo ilikuwa pembe ya tembo, mukuba, na bantu. Tuseme wazi: bantu. Batoto na banamuke ba mu bijiji bya huku balifungwa kamba na kupelekwa ku magaribi, na bunduki ikarudi mu fasi yao. Ku Bunkeya kichwa za bantu zilisimamishwa juu ya miti. Wenye kumusifu Msiri kama shujaa, na balikuwa na sababu moja ao mbili, basisahau ile hesabu.

Basanga habakusahau. Kisha mwanamuke mumoja wa kwao, Masengo, kuuawa, baliasi. Na bao pia balikuwa na bunduki sasa. Balielewa kama Bunkeya inakula baruti, kwa hiyo balifunga njia yenye kuileta. Mu mwaka wa 1891, Bunkeya ilikuwa na baruti kidogo na njaa kali.

Njo mu ile hali Stairs alifika, tarehe 14 desemba. Alikuwa muntu wa Kanada, ofisa wa jeshi ya Uingereza, akatumwa na Compagnie du Katanga juu ya faida ya Leopold II. Askari yake na bapagazi balitoka ku Zanzibar, balisema Kiswahili, ndugu ya hii tunaandika hapa. Bunduki zao hazikujazwa kwa kinywa ya bomba. Zilifunguliwa ku nyuma, katushi ikaingia tayari na baruti na sasi pamoja. Bazungu benyewe balikuwa na rivolva.

Msiri alikataa bendera ya État Indépendant. Stairs akaisimamisha juu ya kilima bila ruhusa. Usiku Msiri akatoka, akaenda ku Munema, kijiji yenye boma, karibu na Bunkeya. Asubuhi ya tarehe 20 desemba Stairs akatuma bazungu mbili, kapiteni Bodson na markizi de Bonchamps, na askari kama mia moja. Bonchamps alibaki inje. Bodson akaingia na bantu kiloko mpaka mu kiwanja ya mwami, katikati ya bantu mia tatu hivi, bengi na bunduki.

Pale kati yao hakukuwa mbali kuliko nyumba moja na nyingine mu kiwanja ya kamp. Maneno ikakuwa mukali. Msiri, muzee wa nywele nyeupe, akashika upanga. Bodson akapiga rivolva mara tatu bila kujaza. Msiri akaanguka. Mutoto wake Masuka akapiga bunduki yake ya zamani, mara moja tu, na ikamupata Bodson mu tumbo. Bodson alikufa ile siku. Mule mu boma upanga ya muzee, sasi moja ya kijana na rivolva zilikutana, vizazi bitatu bya vita mu dakika moja. Bantu mia tatu bakatawanyika.

Kichwa ya mwami ilikatwa na kuwekwa juu ya muti. Ilienda wapi kisha, hadisi ni mingi, na Bayeke bangali banaiulizia.

Mutoto wake mwingine, Mukanda Bantu, akapata kiti. Alikuwa ameona kama bunduki ya baba imeisha kazi. Akajiunga na État, na Bayeke bakasaidia basoda yake kupigana na Basanga wenyewe kwa wenyewe miaka karibu kumi. Chef Mulowanyama wa Basanga alikimbilia mu pango na bantu yake. Basoda habakuingia kupigana mu giza. Balifunga mulango na kungojea, na bengi bakafia mule. Lakini hata bunduki mupya haikufungua kila mulango: mu 1897 Lietna Brasseur aliuawa akishambulia boma ya Chiwala, muchuuzi wa Kiswahili, upande ya Luapula.

Mukanda Bantu alikufa mu 1910. Miaka tano kisha, basoda ba Force Publique balilala mu mahandaki ku Saisi, mupaka wa Rhodesia, mbele ya mitraliezi ya Badachi. Muntu akisimama kama babu yake alisimama, anakatwa mbele ya kuona mwenye kumupiga. Na tarehe 19 septemba 1916 ile jeshi ikaingia Tabora, mu Unyamwezi, inchi yenye Kalasa alitokamo na kamba ya bapagazi, kutafuta mukuba.