Viatu vya Eric Liddell

Wapendwa, sisi Wakenya mambo ya medali tunayajua. Leo tumwangalie mkimbiaji aliyejua kuachilia.

Eric Liddell alizaliwa Tianjin, China, mwaka wa 1902, mtoto wa wamishenari Waskoti. Kwenye Olimpiki ya Paris, 1924, Uingereza ilimtegemea katika mita 100. Mchujo ukawekwa Jumapili, naye akakataa kukimbia. Alisemwa sana. Akaingia mita 400, mbio ambazo hazikuwa zake hasa, akashinda dhahabu kwa sekunde 47.6, rekodi ya dunia.

Kibiashara, hapo ndipo mtu huanza kuvuna. Yeye mwaka uliofuata alirudi China kufundisha watoto shule.

Vita vilipokolea aliwatuma mkewe mjamzito na mabinti wawili Canada. Binti wa tatu hakuwahi kumwona. Mwaka wa 1943 Wajapani walimfungia katika kambi ya Weixian. Huko alifundisha watoto na kusimamia michezo yao. Vijana walipopigana uwanjani Jumapili, huyo huyo aliyeacha mita 100 alikubali kuwa refa siku hiyo. Kijana mmoja alikosa viatu wakati wa baridi. Liddell akampa vyake vya mbio. Wiki chache baadaye, Februari 1945, alikufa kwa uvimbe wa ubongo, akiwa na miaka 43.

Mpendwa, Jumapili aliyomtunzia Mungu ndiyo aliyowapa watoto. Soma Waebrania 12, halafu uchungulie chini ya kitanda chako. Kuna viatu vya nani hapo?