Semboja alivyofanya usajili Mazinde

Usajili wa bajeti ndogo haukuanza na soka, wadau. Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Wasambaa, alipofariki mwaka 1862, kiti cha Vuga kilikwenda kwa mjukuu wake, Shekulwavu. Mwanawe Semboja akabaki benchi, bila kodi za milima yote.

Lakini jamaa alisoma mchezo. Akashuka bondeni, akajikita Mazinde, njia ya misafara ya Pangani. Pembe za ndovu zikatoka, bunduki na baruti zikaingia. Watu pia waliuzwa, na hilo doa halifutiki.

Mwishoni mwa miaka ya 1860 akamng'oa Shekulwavu, Vuga akamweka mwanawe, Kimweri Maguvu. Mwenyewe akabaki Mazinde, sokoni kwake, hadi alipofariki mwaka 1895.