J.H. Taylor: boyi aliyeuinua ufundi wake

Katika kurasa hizi tumezoea kusoma maisha ya waandishi, washairi na viongozi wa siasa. Leo naomba ruhusa ya kuleta mtu wa aina nyingine: mchezaji wa gofu. Najua wenzangu watauliza mchezo wa matajiri unatuhusu nini sisi wanafunzi wa lugha. Jibu langu ni maisha yenyewe ya John Henry Taylor, Mwingereza ambaye watu walimwita J.H. tu. Aliacha shule akiwa na miaka 11, lakini alijifunza kusema na kuandika kiasi cha kubadilisha hali ya wafanyakazi wenzake wote.

Alizaliwa tarehe 19 Machi 1871 katika kijiji cha Northam, jimbo la Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza. Alifiwa na baba angali mdogo, na nyumba ilikuwa ya kimaskini. Karibu na kijiji, kando ya bahari, kuna uwanda wa nyasi ambapo wanakijiji walichunga kondoo na farasi tangu zamani. Mwaka 1864 mabwana walianzisha klabu ya gofu juu ya uwanda huohuo, mahali panapoitwa Westward Ho! Basi mchezo ulikuja wenyewe mpaka mlangoni kwa watoto wa maskini, lakini ulikuja kama kazi: watoto walibeba mifuko ya fimbo za mabwana na kutafuta mipira iliyopotea majanini.

Taylor alibeba mifuko hiyo. Alifanya pia kazi ya kung'arisha viatu katika nyumba ya familia ya Hutchinson, ambayo kijana wao Horace alikuwa bingwa wa Uingereza wa wachezaji wa ridhaa mwaka 1886 na 1887. Baadaye alisaidia waashi, akatunza bustani, akakata nyasi za kiwanja. Alitaka kuwa askari, lakini jeshi lilimkataa kwa sababu ya macho dhaifu na nyayo bapa.

Hapa naomba tusimame kidogo. Sisi wa Kongo tuna neno kwa kazi ile ya viatu na jikoni: boyi. Babu yangu, mzaa baba, alikuwa boyi wakati wa ukoloni, na alinieleza kwamba mlango wa mbele wa nyumba ya bwana aliujua kwa kuupangusa tu. Yeye mwenyewe alipita nyuma. Sisemi kwamba mambo ni sawa. Taylor alikuwa katika nchi yake, kati ya watu wa rangi yake na lugha yake. Hakuna aliyemnyang'anya ardhi. Lakini ule mlango wa nyuma aliujua, na kwa maoni yangu maisha yake hayaeleweki bila mlango huo.

Akiwa na miaka 19 aliajiriwa na klabu ya Burnham, katika jimbo la Somerset, kama mchezaji wa kulipwa na mtunzaji wa kiwanja. Tuelewe vizuri maana ya kazi hiyo. Mchezaji wa kulipwa wa wakati ule alikuwa fundi na mtumishi. Alitengeneza fimbo kwa mkono, aliuza mipira, aliwafundisha wanachama. Mshahara ulikuwa mdogo, na riziki yake hasa ilitoka katika duka lake dogo. Katika jumba la klabu hakukaribishwa. Bwana aliyecheza bila malipo aliingia na kunywa chai, na fundi aliyemfundisha alingoja nje.

Mwaka 1894 Mashindano ya Wazi, ambayo tangu mwanzo yalikuwa yakifanyika Scotland tu, yalihamia Uingereza kwa mara ya kwanza, katika kiwanja cha Sandwich. Waingereza wawili, John Ball na Harold Hilton, walikuwa wamekwisha kushinda kombe hilo, lakini wote wawili walikuwa wachezaji wa ridhaa. Taylor, mwenye miaka 23, alishinda kwa mapigo 326, matano mbele ya aliyemfuata. Akawa Mwingereza wa kwanza mwenye kuishi kwa mchezo huo kuwa bingwa. Mipira yake ilikwenda moja kwa moja hata watu wakatania kwamba hatari yake pekee ni zile nguzo zilizosimikwa kuonyesha njia. Mwaka uliofuata alishinda tena, safari hii St Andrews, nyumbani kwa Waskoti wenyewe.

Halafu akaja Harry Vardon, mzaliwa wa kisiwa cha Jersey, aliyemshinda mwaka 1896 katika mchezo wa marudiano. Baada yake akaja Mskoti James Braid. Watatu hao walilingana karibu kwa umri, wote walitoka katika nyumba za watu wa kawaida, na kati ya 1894 na 1914 walitwaa makombe 16 katika mashindano 21: Vardon sita, Braid matano, Taylor matano. Yale mengine ya Taylor yalikuwa ya 1900, 1909 na 1913. Tukumbuke pia kwamba alimaliza wa pili mara sita, na mwaka 1900 alikuwa wa pili huko Marekani vilevile, nyuma ya Vardon. Mtu aliyezoea kushinda tu hajifunzi uvumilivu; yeye alilazimika.

Ushindi ninaoupenda zaidi ni wa Hoylake, 1913. Alikuwa na miaka 42 na wengi walidhani siku zake zimepita. Katika mchujo aliponea chupuchupu: alihitaji kuingiza mpira katika shimo la mwisho ili aruhusiwe tu kushindana. Uliingia. Kisha ikaja mvua na upepo mkali kutoka baharini. Wengine walihangaika, yeye alivuta kofia mpaka machoni, akakita miguu chini, ile miguu iliyokataliwa na jeshi, akashinda kwa mapigo manane.

Lakini makombe si kiini cha habari yangu. Mwaka 1901 klabu fulani zilianza kufikiri kuuza haki ya duka la fundi kwa yeyote atakayetoa fedha nyingi. Tumeona kwamba duka ndilo lililomlisha fundi. Kwa bingwa kama Taylor hatari ilikuwa ndogo. Tangu 1899 alikuwa na kazi ya uhakika katika klabu ya Mid-Surrey, karibu na London, ambako alidumu hadi 1946. Angeweza kunyamaza. Badala yake aliwaita wenzake, na mwezi Septemba mwaka huo wakaunda chama cha wachezaji wa kulipwa wa London na majimbo ya jirani. Yeye akawa mwenyekiti wa kwanza, Braid akawa kapteni. Chama kilikusudia kulinda biashara ya mafundi, kuwatafutia kazi wasio nayo na kuwasaidia waliopatwa na shida. Kilikua kikawa cha nchi nzima, na kipo hadi leo.

Hapo ndipo lugha ilipofanya kazi. Taylor alikuwa amejisomesha mwenyewe kwa vitabu, usiku baada ya kazi, na akawa msemaji hodari. Mabwana wa klabu walizoea fundi anayevua kofia na kuitikia tu. Sasa walikuta mtu anayejenga hoja kwa utaratibu, kwa adabu, na bila kutetemeka.

Wapo watakaosema alikuwa mpole mno. Mmarekani Walter Hagen, alipofika Deal mwaka 1920 na kukuta jumba limefungwa kwa watu wa kazi yake, alibadilisha viatu ndani ya gari lake la fahari, mbele ya macho ya wote. Taylor hakuwa mtu wa vitendo vya namna hiyo. Mimi naona kila mmoja alikuwa na kazi yake. Hagen aliwaaibisha waliofunga mlango. Lakini fundi wa kijijini, asiye na jina wala gari, alihitaji chama cha kumtetea, na chama hicho kilikuwa kimekwisha kusimama kwa miaka 19.

Aliwakumbuka pia wasio na klabu. Alihimiza viwanja vya umma, na mwaka 1923 kiwanja alichokichora pamoja na Fred Hawtree kilifunguliwa katika bustani ya Richmond, ambapo mtu wa kawaida angeweza kulipa kidogo na kucheza. Mwaka 1933, mwenye miaka 62, aliongoza timu ya Uingereza dhidi ya Marekani katika Kombe la Ryder, huko Southport. Aliwaamsha vijana alfajiri kukimbia ufukweni, na wakashinda kwa pointi sita na nusu dhidi ya tano na nusu.

Mwaka 1943 alitoa kitabu cha maisha yake. Wanamichezo wengi huwaachia waandishi wa magazeti kazi hiyo. Yeye alikiandika mwenyewe, kalamu mkononi. Kwa mtoto aliyetoka shuleni na miaka 11, mimi nakihesabu kuwa kombe la sita.

Baada ya Vita Kuu ya Pili klabu ya St Andrews, yenye heshima kuliko zote, ilimfanya mwanachama. Alirudi Northam kuishi katika nyumba ya mlimani inayotazama uwanda wa utoto wake, na mwaka 1957 klabu ya Westward Ho! ilimchagua kuwa rais wake. Alifariki tarehe 10 Februari 1963, karibu kutimiza miaka 92.

Ndugu wasomaji, tunajifunza lugha, na mara nyingi tunaulizwa zitatufaa nini. Taylor alipiga mpira vizuri kuliko karibu watu wote wa zama zake, na hilo lilimfungulia mlango yeye peke yake. Wenzake waliupita baadaye kwa sababu mmoja wao alijua kusema, akasema kwa niaba ya wote.