Tafakari ya Ramadhani: Mtoto wa Manyema katika nyumba ya liwali



Ndugu zangu, juzi baada ya tarawehe tulisoma habari ya kafara ya mtu aliyeharibu saumu yake makusudi kwa kumwingilia mkewe mchana wa Ramadhani. La kwanza kutajwa ni kumwacha huru mtumwa. Kijana mmoja akauliza, sasa sheikh, huyo mtumwa nitampata wapi hapa Kurasini? Msikiti mzima tukacheka. Nilipokuwa narudi nyumbani nikamkumbuka mtu mmoja wa hapo Bagamoyo tu, na kicheko kikaniisha.

Jina lake Yahya bin Abdallah. Watu walimjua zaidi kwa jina la Sheikh Ramiya. Kwao ni Manyema, mashariki ya Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Alichukuliwa utumwani angali mtoto, akaletwa pwani. Njia ya misafara ilikuwa ile ya Ujiji, Tabora, mpaka Bagamoyo, na ni miezi ya kutembea kwa miguu. Mwenye mtoto wa miaka saba au minane nyumbani amtazame halafu apige hesabu ya safari hiyo.

Bagamoyo akaingia katika nyumba ya Amir bin Suleiman al-Lamki, tajiri mwenye asili ya Oman, aliyekuwa liwali wa mji huo chini ya Wajerumani. Liwali ndiye mkubwa wa mji, anasikiliza mashauri ya watu na ni mkono wa serikali. Hapa tuseme kweli jamani. Ile ilikuwa nyumba ya Waislamu. Adhana ilisikika, mwezi ukiandama watu walifunga. Na dini yetu iliweka milango ya kumtoa mtumwa: kafara ya saumu, kafara ya kiapo, hata fungu katika zaka. Wapo waliopita milango hiyo, na wapo wengi walioandika uhuru wa watumwa wao pale walipoona mauti yamekaribia. Lakini soko lilipokuwa wazi, aliyeacha mmoja huru aliweza kununua mwingine. Tusiwatupie Wazungu peke yao.

Wazungu nao tusiwape sifa isiyo yao. Mwaka 1873 Waingereza walimbana Sultani Barghash akafunga soko la watumwa la Unguja na kukataza kuwasafirisha kwa bahari. Kumbuka, ni biashara iliyokatazwa. Utumwa wenyewe haukuguswa. Wajerumani walipopigana na Abushiri na watu wa pwani, 1888 hadi 1889, kule kwao Ulaya walisema wanakuja kukomesha utumwa. Wakashinda, wakatawala, na utumwa wakauacha. Mashamba yalitaka watu, na wenye mashamba walikuwa wakihitajika na serikali. Walichofanya ni kutoa hati za uhuru kwa aliyekombolewa, halafu wakatangaza kwamba mtoto wa mtumwa atakayezaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 atakuwa huru. Sasa Yahya alizaliwa miaka mingi kabla ya hapo. Sheria hiyo haikumhusu.

Yeye alijitafutia njia. Alifanya biashara, akapata mali, akanunua mashamba ya minazi. Wengine wangetosheka hapo. Pwani ya siku zile mtumwa hakutakiwa hata kuvaa viatu mbele ya bwana wake, na elimu ya dini ilihesabiwa kuwa ni ya waungwana. Mtu wa bara aliitwa mshenzi hata kama anaswali safu moja na wewe. Yahya alipokwisha kujiweza akakaa chini kusoma. Akasoma kwa masheikh mpaka naye akawa mwalimu, akafungua chuo chake, akaingia katika tariqa ya Qadiriyya na kuwa mkubwa wake pale Bagamoyo. (Najua kuna ndugu humu hawakubaliani na mambo ya tariqa. Leo tuliache hilo.) Ninachotaka mkione ni nani walioijaza ile halqa: watu wa bara, waliokuwa watumwa na watoto wao, watu ambao mjini walikaa nyuma. Pale waliitwa kwa majina yao, wakasimama bega kwa bega kwenye dhikri. Kutoka pwani tariqa hiyo ikaenda bara kwa njia ile ile ya misafara, Tabora mpaka Ujiji, mpaka Kongo alikotoka.

Mwaka 1916, katikati ya vita kuu ya kwanza, Waingereza wakaichukua Bagamoyo kutoka kwa Wajerumani. Walitafuta mtu wa kumweka liwali, mtu ambaye mji unamsikiliza. Wakamweka Sheikh Ramiya. Cheo kile kile cha al-Lamki.

Na mwaka huo utumwa bado ulikuwa halali katika nchi hii. Sheria ya kuufuta Tanganyika ilitoka mwaka 1922. Miaka 49 tangu soko la Unguja kufungwa! Mji ulikuwa umeshamkubali mtoto wa Manyema kuwa mwalimu wake na liwali wake, dola mbili zikiwa zimepita, na sheria ilikuwa bado haijafika.

Alifariki mwaka 1931. Mwanawe, Sheikh Muhammad, akashika nafasi yake, na maulidi ya Bagamoyo yakaendelea kuvuta watu mwaka hadi mwaka, kutoka Dar na kutoka bara.

Na kwa yule kijana wetu: mtumwa hakuna, basi ni kufunga miezi miwili mfululizo, na asiyeweza kabisa alishe masikini sitini. Mwenye swali zaidi tuonane baada ya alasiri.

Futari njema.